Behewa kwenye uwanja wa shule: shajara ya mabango ya Tengeru

Agosti, mwanzoni

Naanza na maelezo mafupi, ili atakayeidaka shajara hii katikati asipotee. Tunatengeneza makumbusho yasiyo na jengo: mabango ya turubai kwenye fremu za chuma, ramani moja kubwa, na vikorokoro vichache vya kuonyeshea. Yote yapakike kwenye kirikuu na kuzungushwa shule kwa shule, kuanzia hapa Tengeru, karibu na Arusha. Mada yetu ni Wapolandi waliosombwa makwao na dola ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, wakatupwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini, na jinsi baadhi yao walivyoishia chini ya Mlima Meru. Tuko wachache: mimi mwandishi wa maandishi, mwalimu wa historia, kijana wa michoro ya kompyuta, na mama mmoja mstaafu wa maktaba ambaye hapitishi tarehe mpaka ameikagua. Fedha ni za michango, na michango ndiyo hiyo tunayoijua.

Makaburi yenyewe yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, yapata 150, yanatunzwa vizuri. Mengi yana misalaba ya Kikatoliki, machache ni ya Waorthodoksi na ya Wayahudi. Wageni hufika kuyaona. Wenyeji nao habari wanayo, ila wameishika kuanzia katikati: wazungu wakimbizi walikaa hapa wakati wa vita, wakajenga vibanda, wakaondoka. Ukiuliza walikimbia nini, tisa kati ya kumi watakujibu Hitler. Hitler alikuwa na lake katika mkasa huu, lakini waliogonga milango ya watu hawa usiku walikuwa askari wa Stalin. Kwangu mimi kazi nzima ya mradi ni kuurudisha mwanzo huo mahali pake. Mengine ni mapambo.

Agosti, mwishoni

Tumevutana kuhusu bango la kwanza. Kijana wa michoro alileta picha ya zamani ya kambi: vibanda vya mviringo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, safu kwa safu, na nyuma yake mlima. Ni picha nzuri, na hapo ndipo penye tatizo. Mwanafunzi akiiona kwanza, atadhani anaonyeshwa kambi ya likizo. Mwalimu aliipenda kwa sababu watoto wataitambua sehemu yenyewe. Nikashikilia kwamba bango la kwanza lisiwe na mgomba hata mmoja. Liwe na giza na theluji.

Tumekubaliana lianze usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1940. Miezi mitano nyuma Poland ilikuwa imegawanywa na majirani wawili: Ujerumani iliingia kutoka magharibi tarehe 1 Septemba 1939, Wasovieti wakaingia kutoka mashariki tarehe 17. Usiku ule wa Februari askari wa NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha mkononi. Wa kwanza kuchukuliwa walikuwa familia za walinzi wa misitu na za walowezi, yaani askari wa zamani waliopewa ardhi ya mashariki baada ya vita vya 1919 hadi 1921. Wengine walipewa nusu saa kufungasha, wengine zaidi kidogo, ilitegemea moyo wa askari aliyesimama mlangoni. Nje baridi ilikuwa nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri. Wakapelekwa stesheni kwa vigari vya kuburuzwa kwenye theluji, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, na safari ikachukua wiki.

Bango la pili linabeba mikondo iliyofuata ya kuwasomba watu. Tarehe 13 Aprili 1940 zilichukuliwa familia za watu waliokuwa wameshakamatwa; wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, wakamwagwa kwenye nyika za Kazakhstan. Mama wa maktaba alitaka lionekane wazi jambo hili: mwezi uleule wa Aprili, maofisa wa Kipolandi waliokuwa mateka walikuwa wanapigwa risasi katika msitu wa Katyn na kwingineko, pamoja na wafungwa wengine jumla yao karibu 22,000, na orodha za wake na watoto wao ziliandaliwa kutokana na kumbukumbu za mateka hao hao. Mume anauawa, na mke anapakiwa kwenye behewa akiamini kwamba mumewe bado yu kambini. Moscow haikukiri mauaji hayo hadi 1990. Tumeyaweka mambo haya mawili kwenye bango moja, upande kwa upande, bila neno la kusikitika. Nimefuta sentensi mbili za majonzi nilizokuwa nimeziandika mwenyewe, na bango limepata nguvu.

Mkondo wa tatu, Juni 1940, uliwachukua waliokimbia kutoka upande wa Wajerumani, wakiwamo Wayahudi wengi sana. Hapa historia ina ukatili wa aina yake: Myahudi aliyepelekwa kukata magogo kaskazini, kwa njaa yote ile, mara nyingi alikuwa na nafasi kubwa ya kuishi kuliko ndugu yake aliyebaki nyumbani na kukutwa na Wajerumani mwaka uliofuata. Mkondo wa nne ulikuja Mei na Juni 1941, na treni za mwisho zilikuwa bado njiani Hitler alipomgeuka Stalin tarehe 22 Juni.

Septemba

Mwezi wote umeliwa na namba moja.

Waliosombwa walikuwa wangapi? Serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London ilikadiria milioni moja na zaidi, na namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa miongo mingi. Baada ya dola ya Kisovieti kuanguka, nyaraka za NKVD za usafirishaji zilifunguliwa, na hesabu ya mikondo yote minne ikatoka karibu 320,000. Mwalimu alipendekeza tuandike "mamia ya maelfu" tuepuke ubishi. Mama wa maktaba akasema anayeepuka namba kwenye makumbusho anawaachia wengine wamwandikie.

Tumeamua 320,000 iandikwe kwa herufi kubwa, na chini yake kwa maneno ya kawaida tueleze namba hiyo imehesabu nini na imeacha nini. Imehesabu waliopakiwa kwenye treni za mikondo minne. Haikuhesabu waliofungwa magereza, wala askari waliotekwa, wala vijana walioingizwa kwa lazima kwenye Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti. Namba ndogo iliyo na hati nyuma yake inamheshimu marehemu kuliko namba kubwa isiyo na miguu. Najua wapo wajukuu wa waliosombwa watakaoona tumepunguza. Nitawajibu kwa barua nikiandikiwa.

Tarehe 17 niliwakumbusha wenzangu kwamba siku kama hiyo mwaka 2021 ndipo lilipofunguliwa rasmi Makumbusho ya Kumbukumbu ya Sybir (ndivyo Wapolandi wanavyoiita Siberia) katika mji wa Białystok, Poland, kwenye ghala la zamani la jeshi kando ya reli. Kutoka mji huohuo watu walipakiwa kwenye mabehewa. Warsaw nako, tangu 1995, upo mnara wa ukumbusho uliotengenezwa kama behewa la wazi lililojaa misalaba, limesimama juu ya reli. Wenzetu wana ghala halisi na reli halisi, na sisi tuna turubai. Lakini nimeona kote huko mwanzo wa simulizi ni behewa, na hilo limenipa moyo katika ubishi wetu wa Agosti.

Oktoba

Duka la mabango limetusumbua. Sampuli ya kwanza ya bango la nne, lile la jeshi, imetoka na vijisanduku vyeupe katikati ya majina. Kompyuta yao haikuwa na herufi ya Kipolandi ile ya "l" yenye mkato. Jenerali Władysław Anders anazo mbili kwenye jina la kwanza peke yake, kwa hiyo alitoka kama mtu aliyeng'olewa meno. Fundi wa duka aliniambia, "Kaka, weka l ya kawaida tu, nani atajua?" Nikamwambia waliolala kule chini ya mlima watajua. Alicheka, lakini akakubali kuingiza fonti tuliyompelekea kwenye flashi. Tumelipia turubai mara mbili.

Bango hilo ndilo linalogeuza mkondo wa habari. Baada ya Wajerumani kuivamia Urusi, Stalin alihitaji marafiki. Tarehe 30 Julai 1941 ukasainiwa mkataba kati yake na serikali ile ya uhamishoni London ya Jenerali Sikorski, na mwezi uliofuata waliosombwa wakatangaziwa msamaha kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Anders, ambaye mwenyewe alikuwa ametolewa gerezani Moscow, akapewa ruhusa ya kuunda jeshi, kwanza Buzuluk, kisha upande wa Uzbekistan. Habari zikaenea kwenye kambi za magogo, na watu wakaanza kuteremka kusini kwa treni, kwa mikokoteni, kwa miguu. Wengi walifia njiani au walipofika, kwa homa ya matumbo, kuhara damu na taifasi. Mwaka 1942, katika awamu mbili, Machi na Agosti, watu wapatao 115,000 walivushwa Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlevi huko Iran. Raia walikuwa zaidi ya 37,000, na watoto kati yao walikuwa wengi mno, baadhi bila baba wala mama.

Waliobaki nyuma walikuwa wengi kuliko waliotoka. Sentensi hiyo nimeiandika peke yake kwenye mstari wake, na kijana wa michoro ameiacha na nafasi nyeupe pande zote.

Novemba, wiki ya kwanza

Siku ya kuwaombea marehemu nilikwenda makaburini na mwalimu. Tulipotoka tukapita Akheri kumwona mzee mmoja ambaye wajukuu wake walituambia aliwahi kuingia kambini alipokuwa mdogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo tukatumia muda kidogo, kwa sababu hakuna maongezi mpaka ukoo ueleweke. Kisha akasimulia. Alikuwa akifuatana na mama yake kupeleka mayai na ndizi, wakibadilishana na wanawake wa kambini kwa sindano na nyuzi, na wakati mwingine nguo iliyochakaa. Aliwaona wakifua, wakilima bustani, wakibeba maji. Jambo hilo liliwashangaza wakubwa, maana mzungu waliyemzoea alikuwa wa kuamrisha. Serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi uleule kwa upande wake: haikufurahia Waafrika kuwaona wazungu maskini.

"Walikuwa wanawake na watoto tu," alisema mzee. "Sisi tukawa tunajiuliza, wanaume wao wako wapi?"

Hilo ndilo jina la bango la tano sasa. Wanaume wako wapi? Wengine walizikwa kwenye misitu ya Katyn. Wengine walibaki kwenye theluji ya Arkhangelsk. Wengine walikuwa na Anders, wakapita Iraq na Palestina hadi Italia, na Mei 1944 walikuwa wakipanda mlima wa Monte Cassino chini ya risasi. Wakati huo wake zao walikuwa hapa Tengeru, Masindi na Koja kule Uganda, na kwenye kambi nyingine hadi Rhodesia. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000, ina kanisa, shule, hospitali na nyumba ya yatima. Sijawahi kuona swali la mtafiti lililofungua mambo mengi kwa mpigo kama lile la mtoto muuza mayai.

Tulipokuwa tunaaga, mzee akatushika mkono: "Na ya kwetu mtaweka lini?"

Novemba, katikati

Ya kwetu ni Ngarenanyuki.

Kwa wasomaji wa mbali: Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Ngarenanyuki, kaskazini ya mlima, ili ardhi wapewe walowezi wa kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza shauri lao mbele ya mataifa, akiwa na wakili wao Earle Seaton. Yote hayo yalitokea miaka ileile kambi ya Tengeru ilipokuwa inafikia mwisho wake. Serikali iliyowapa Wapolandi mahali pa kulala ndiyo iliyowalaza Wameru nje.

Mama wa maktaba alipinga kuliingiza. Hoja yake ni nzito: haya si mambo ya vita, si Siberia, na ukichanganya machungu mawili kila moja linatumika kama kifimbo cha kupigia lingine. Mwalimu akasema mtoto wa Kimeru akisoma mabango saba ya watu waliofukuzwa makwao bila kuona hata mstari mmoja wa babu yake, atajua tumemficha kitu.

Nimekata shauri, na wenzangu wameridhia kwa shingo upande: bango la Ngarenanyuki litakuwepo, lakini halitasimama kwenye safu. Litasimama peke yake, limetazama upande mwingine, lina tarehe zake na watu wake, bila mshale wala neno "vilevile" la kuliunganisha na Poland. Msomaji ana akili zake.

Desemba

Hakuna la maana. Fundi wa kuchomelea fremu amekwenda kwao sikukuu na malipo ya awali yetu. Mvua za vuli zimelowesha turubai mbili zilizokuwa barazani, rangi haikutoka, kwa hiyo angalau tumejua ubora wake.

Januari

Jaribio la behewa limefanyika katika shule moja ya kata.

Vipimo tumevitoa kwenye behewa la kawaida la mizigo la Kirusi la enzi zile, la ekseli mbili: ndani yake urefu karibu mita 6 na nusu, upana mita 2 na robo tatu. Ubavuni liliandikwa watu 40 au farasi 8. Tulipigilia vigingi vinne uwanjani, tukazungusha kamba ya katani, mwalimu akaita darasa zima la kidato cha tatu liingie na mabegi yake.

Waliingia kwa kelele, wakisukumana, mmoja akapiga honi ya treni kwa mdomo. Tukachora kwa chokaa mahali pa jiko la chuma katikati, na pembeni duara la tundu la sakafuni. Mwalimu akawaambia wakae chini. Hawakuenea. Akawaambia kulikuwa na mbao za kulalia, ghorofa mbili, kwa hiyo nusu wajihesabu wako juu. Bado magoti yaligusana. Kiranja akaanza kupanga nani akae wapi, na ubishi mkali ukazuka kuhusu jiko: wagonjwa wawe karibu nalo au watoto? Na ukutani akae nani? Tukawaambia kwamba misumari ya ukutani ilivimba barafu, na waliosimulia baadaye wanakumbuka kuamka nywele zimegandia mbao.

Mvulana mmoja akauliza kuhusu lile duara. Akajibiwa. Yakafuata miguno, na vicheko vya aibu. Kisha msichana mmoja akavua sweta lake, akamwita mwenzake, wakalishika ncha huku na huku mbele ya duara la chokaa. "Si tutashika hivi," alisema, kama mtu anayerekebisha kasoro ndogo ya nyumbani. Hatukuwa tumewaambia kwamba wanawake wa mabehewa yale walifanya hivyohivyo, kwa blanketi. Maandishi yangu ya bango la pili yalikuwa na aya ndefu kuhusu utu uliodhalilishwa. Nimeitoa yote, nikaweka mstari mmoja wa blanketi.

Uamuzi: kamba na vigingi viwe sehemu ya kudumu ya makumbusho, na behewa litangulie mabango. Kila shule itatoa darasa moja la kuingia.

Februari

Tumezindua tarehe 10, kama tulivyopanga. Jua lilikuwa kali hasa, watu wanajipepea kwa madaftari huku wanasoma habari za nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakukuwa na mgeni rasmi. Ilikuwa shida kuwaeleza wakuu wa shule kwamba hatumtaki, lakini mgeni rasmi angekula saa ya behewa.

Bango la picha ya vibanda, ambalo hatimaye limepata nafasi ya sita, lilipendwa kama tulivyotarajia. Watoto walitafuta Ziwa Duluti kwenye picha, wakabishana nyumba ya nani sasa iko wapi. Bango la Ngarenanyuki lilizungukwa na watu wazima waliokuja kuchukua watoto. Mama mmoja alilipiga picha kwa simu, akaniuliza kwa nini limegeuziwa mgongo mengine. Nikamweleza. Akasema ameelewa lakini hakubali, na tukaachana hapo.

Lililotushinda ni la saba. Swali lililoulizwa zaidi ya yote ni rahisi: vita vilipokwisha, kwa nini hawakurudi kwao? Bango linajibu kwa aya tatu za siasa ambazo hakuna aliyezimaliza. Jibu lenyewe liko kwenye ramani. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, wakubwa wa vita walikubaliana mpaka wa Poland usogezwe magharibi, na vijiji vya watu hawa vikabaki ndani ya Umoja wa Kisovieti. Kurudi nyumbani kungekuwa kurudi mikononi mwa waliowasomba. Wachache walikwenda Poland mpya ya kikomunisti, wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia. Yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada mwaka 1949 kupitia Italia, huku serikali ya Warsaw ikipiga kelele kwamba watoto wameibwa. Hayo ya yatima mwalimu aliyasimulia kwa mdomo, na ndiyo waliyoyasikiliza.

Kwa hiyo bango la saba linafumuliwa. Aya tatu zinatoka, inaingia ramani yenye mpaka wa 1939 kwa wino mzito na mpaka wa sasa kwa nukta, na vijiji vilivyoangukia Belarus, Ukraine na Lithuania ya leo. Kijana wa michoro ameomba wiki mbili. Fonti iko kwenye flashi ileile. Baada ya hapo tunatafuta barua za ruhusa za Ifunda na Kidugala, kulikokuwa na kambi nyingine, na mtu wa kirikuu atakayekubali kwenda hadi Nyanda za Juu Kusini kwa bei inayosemeka.